Kapu la Shangazi: "Mke wangu ananipiga, nikisema wananicheka"

Toleo lililopita tulichapa barua ya mistari minne kutoka kwa baba mmoja wa Mbagala anayepigwa na mkewe. Sikumjibu pale pale, nilimuomba aandike tena kwa kirefu. Basi toka siku hiyo simu yangu haijapumzika, na nasema ukweli imeniuma, manake zaidi ya nusu ya meseji zilizoingia ni vicheko, vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na "huyo mwanaume wa wapi", na "mletee dera avae". Mmoja kaniandikia kabisa "shangazi usipoteze karatasi kwa mtu wa hivyo". Kwahiyo leo kurasa zote ni za jambo hili hili. Barua ni tano, ndefu nimezipunguza kidogo, majina nimeyatoa yote.

Barua ya kwanza

Shikamoo shangazi. Ni mimi yule wa Mbagala, ulisema niandike kwa kirefu basi naandika, niko kwenye fremu yangu nimefunga mlango nusu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, nina miaka 38 na mwili wangu sio mdogo, geti nabeba peke yangu. Tuna miaka tisa kwenye ndoa na watoto wawili, mkubwa ana 7 mdogo ana 4. Mwanzoni ilikuwa maneno tu nikaona ni hasira za kawaida, af ikaja kusukumwa, af siku moja akanipiga na mwiko mbele ya watoto kisa nimechelewa kurudi na simu ilizima chaji. Mwaka juzi alinimwagia chai ndo kwanza imeepuliwa, mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja ngozi yote ilitoka. Dispensari nikasema nimeungua kazini, nesi akaangalia akasema baba hii sio cheche hii ni maji ya moto, nikakaa kimya, akauliza ni mama nyumbani? nikaitikia kwa kichwa, akamwita mwenzie aje asikie, wakanifunga bandeji huku wanacheka. Toka siku hiyo nafanya kazi na shati la mikono mirefu hata jua la saa saba.

Nilimwambia rafiki yangu mmoja tu, mmoja, kesho yake kijiwe kizima kinajua, nikipita wanasema mpisheni mume bwege awahi nyumbani asije akachapwa. Nikaenda kwa mzee aliyekuwa mshenga wetu, akasema mwanamke akikupanda kichwani ni wewe umemuachia, kamuonyeshe mara moja tu atatulia. Nikaenda kituoni, yule wa kaunta akauliza mara mbili, mkeo ndo kakupiga? wewe na mwili wote huo? akageuka kuwaangalia wenzake, nikaondoka hata jina sijaandikisha.

Hela ninayopata anaikagua, simu anaikagua, dada zangu hawaji tena kwangu. Nikisema tuachane ananiambia watoto hutawaona, na nitaenda kituoni mimi niseme wewe ndo unanipiga tuone ataaminiwa nani. Hapo ndo naogopa shangazi, maana najua ataaminiwa nani. Kuna usiku nawaza bora nisiamke. Na kuna usiku nawaza nifanye alivyosema yule mzee, kofi moja tu, lakini mkono wangu huu naujua. Nisaidie.
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

Shangazi: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara ya tatu nimelia, na nimekaa ofisi za ustawi wa jamii miaka kumi na tisa, machozi yangu hayako karibu.

Naanza na hilo la kutamani usiamke kwasababu lenyewe halisubiri toleo lijalo. Usilale nalo peke yako hata usiku mmoja zaidi. Chagua dada yako mmoja, yule ambaye ukimpigia anapokea, umwambie maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi, usiyalainishe. Muhimbili kuna idara kamili ya magonjwa ya akili, na kwenda pale haimaanishi wewe ni chizi, inamaanisha kuna mtu amesomea kusikiliza hayo na hatakucheka. Nenda na dada.

Sasa la mkono. Yule mzee alikushauri vibaya sana mwanangu na naomba usimrudie kwa jambo hili. Kofi moja la mkono unaobeba geti linaweza kumuua mtu, akianguka kichwa kikagonga sakafu umeishia gerezani na watoto wamebaki na nani. Na hata asipoumia, siku utakayompiga ndio siku miaka yote ya kupigwa wewe inafutika, hakuna atakayekusikiliza tena. Wanaume wengi waliokuja ofisini kwangu walikuwa hivyo hivyo, wakubwa, wabeba mizigo, mmoja alikuwa mlinzi wa usiku na rungu lake, na wote walikuwa hawarudishi, sio kwamba hawawezi, walikuwa wanaogopa watakachofanya wakianza. Watu wakisikia "kapigwa na mke" wanapiga picha ya mwanaume mwembamba asiye na nguvu. Kumbe anayepigwa mara nyingi ni yule aliyeamua kuikunja mikono yake.

Sheria inasemaje, manake wengi mnadhani sheria hii ni ya wanawake tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imesema wazi kwamba hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumuadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Mwenzi. Haijasema mke. Na Kanuni ya Adhabu kifungu cha 241, shambulio la kudhuru mwili, adhabu yake inafika miaka mitano, na hapo pia hakuna palipoandikwa aliyeshambuliwa lazima awe mwanamke. Ile chai ilikuwa kosa la jinai mwanangu.

Kwahiyo utarudi kituoni, ila safari hii hauendi peke yako na hauishii kaunta. Nenda na dada yako au mjumbe wa shina useme upelekwe Dawati la Jinsia na Watoto. Najua jina linawatisha wanaume, wanaona ni mlango wa akina mama, lakini jinsia ni wewe pia. Hapo dawatini wanatakiwa wakusikilize faragha, sio mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibiwa. Akicheka mtu, usigombane nae, omba kumuona mkuu wa kituo. Ukishaeleza utapewa PF3, ile fomu ya polisi, unaenda nayo hospitali, daktari anajaza alichokiona, na hapo useme ukweli, usiseme tena umeungua kazini. Jeraha la mwaka juzi halijapotea, kovu lipo na kama ile karatasi ya dispensari unayo itafute. Chukua daftari la kawaida la shule uandike tarehe, saa, nini kilitokea, nani alikuwepo. Daftari likae kwenye fremu au kwa dada, sio nyumbani.

Na hilo la "nitaenda kusema wewe ndo unanipiga", mwanangu, hiki ni kitisho nimekisikia mara nyingi sana na nguvu yake yote iko kwenye kuchelewa kwako. Anayeenda kwanza akiwa na maandishi na majeraha ana pa kusimama. Anayeenda wa pili anaonekana anajitetea. Usingoje aende yeye.

Kuhusu watoto nitakuambia ilivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake. Lakini ni dhana inayoweza kupingwa, mahakama ikionyeshwa kwamba kwa mama sio salama inaweza kuamua vingine, na kinachoangaliwa kwanza ni maslahi ya mtoto. Mkubwa wako ana 7 tayari. Na watoto walioona mwiko ukimpiga baba yao, hilo nalo ni la kumwambia afisa ustawi wa halmashauri. Kwahiyo "hutawaona" sio hukumu, ni maneno.

Ukiamua kuachana, huendi mahakamani moja kwa moja, unapitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini yenu, likishindwa kuwapatanisha linakupa cheti, na ukatili, wa mwili au wa akili, ni sababu inayotambulika kwamba ndoa imevunjika. Ukiamua kubaki, hilo ni lako, sikusukumi. Ila hata ukibaki, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa vitoke humo ndani taratibu viende kwa dada. Na siku anaanza kupaza sauti usikimbilie jikoni, jikoni kuna visu na maji ya moto, elekea mlango wa nje. Ukiona mambo yanazidi piga 112, haikatwi salio.

Rafiki yako wa kijiweni sina la kusema juu yake leo.

Barua ya pili

Shangazi habari za kazi. Barua ya yule baba ilinifanya nimuwaze kaka yangu, tumezaliwa wawili tu. Mkewe anamtukana mbele yetu, anamnyima chakula, sikukuu alikuja na alama za kucha shingoni amefunga kola mpaka juu. Mama anasema kalishwa limbwata na ameshakusanya hela ampeleke kwa mganga, baba anasema sio mwanangu huyo tena, mwanaume gani. Mimi nikimuuliza ananifokea kwamba mambo ya ndani kwake hayanihusu. Nimuache?
Dada mtu, Morogoro

Shangazi: Usimuache mwanangu. Mkono wake ule unaokusukuma, ndio huo huo utakaokutafuta usiku wa manane siku moja.

Hii habari ya limbwata naomba tuiongee kidogo manake imeua wanaume wengi kimya kimya. Tukiona mwanaume anavumilia kipigo, hatuamini kwamba anaogopa, kwa akili zetu mwanaume haogopi, basi lazima kalishwa kitu. Na tukishasema kalishwa kitu tumemaliza kazi, hatuna haja tena ya kuuliza nini kinatokea mle ndani. Mwanamke akivumilia tunasema anavumilia kwa ajili ya watoto. Mwanaume akivumilia kwa ajili ya watoto hao hao tunatafuta mganga. Hela ya mganga mwambie mama aiweke, itatakiwa kwa nauli na hospitali.

Nitakusimulia yangu. Baba yangu mdogo aliishi Korogwe, alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge, mtu msafi, anapiga pasi mashati yake mwenyewe. Tukiwa watoto tulikuwa tukienda likizo kwake tunamkuta analala kwenye kibanda cha nje kilichokuwa stoo, ana godoro jembamba, redio ya mbao na kikombe chake kimoja cha bati chenye kifuniko. Kile kikombe hakukiacha kisafishwe na mtu, akikiosha mwenyewe na akikinywea anakifunika. Sisi tulikuwa tunamcheka. Mama yangu alikuwa anacheka, shangazi zangu wanacheka, ilikuwa ndio stori ya familia, "bamdogo kafukuzwa chumbani". Hakuna aliyemuuliza hata siku moja kwanini kikombe kina kifuniko. Alipofariki ndio wanaomuosha wakamwambia baba yangu mgongo wake ulikuwaje, makovu ya zamani juu ya makovu mengine. Baba yangu aliishi miaka mingine kumi na mbili na alikuwa hawezi kulitaja jina la mdogo wake mpaka mwisho. Nilianza kazi ya ustawi nikiwa nakumbuka kile kikombe.

Kwahiyo usimuulize kaka yako "anakupiga?", swali hilo linamtaka akiri aibu. Mwambie "niliona shingo yako, sijamwambia mtu, chumba changu kina kitanda cha pili na funguo hii hapa." Mpe funguo kweli, mkononi. Baada ya hapo usimfukuzie. Baba nae ongea nae peke yake, maana mtoto wa kiume anayejua baba yake kamkana hana pa kurudi, na akikosa pa kurudi atabaki kule kule.

Barua ya tatu

Shangazi mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na leo nimechukia. Wanawake wanachinjwa na waume zao kila leo tunasoma, af wewe unatoa kurasa kwa wanaume? Hao wanaopigwa ni wangapi, watatu? Wanaume wakisikia hivi ndio watapata pa kujificha, kila mpiga mke atasema na mimi napigwa.
Mwanamke, Arusha

Shangazi: Hasira yako naielewa mdogo wangu na sehemu kubwa uko sahihi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 hapa kwetu ulikuta wanawake 40 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa toka walipofika miaka 15. Hakuna anayeweza kuziweka hizo pembeni na mimi siziweki. Wenzetu Kenya kwenye utafiti wao wa 2014 waliwauliza wanaume na wanawake wote, na waliowahi kufanyiwa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenza wa ndoa walikuwa wanawake 39 kati ya 100, wanaume 9 kati ya 100. Tofauti ni kubwa, sio sawa kwa sawa, na mwanaume yeyote anayekuambia ni sawa anakudanganya. Lakini 9 kati ya 100 sio watatu. Ni karibu mmoja kila kumi na moja, na kwenye daladala iliyojaa wanaume ni kadhaa wamekaa humo na mashati yao ya mikono mirefu.

Ila namba sio jibu langu kubwa. Ule utafiti wetu wa 2015/16 uliuliza pia kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani fulani, ameunguza chakula, ametoka bila kuaga, amejibizana. Wanaume 40 kati ya 100 walikubali angalau sababu moja. Wanawake waliokubali walikuwa 58. Sasa fikiria na mimi. Jamii inayoamini kazi ya mume ni kumtawala mke kwa mkono, mume akipigwa yeye itamuonaje? Itamuona ameshindwa kazi. Ndo maana yule mshenga wa Mbagala hakumwambia fundi "pole", alimwambia "kamuonyeshe". Yani dawa aliyompa mwanaume anayepigwa ni kipigo cha mwanamke. Wanaomcheka yule fundi kijiweni na wanaokuambia wewe "vumilia mama, alikuwa na hasira tu" ni watu wale wale, kichwa ni kimoja. Mimi siwezi kupigana na kimoja nikakiacha kingine.

Na wanaoficha makosa yao nyuma ya habari hii wapo, nimewaona. Ndio maana nasisitiza PF3, daktari, daftari na tarehe. Vitu hivyo havimjui mwanaume wala mwanamke.

Jingine, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza 2017/18, ule mnaouita MTAKUWWA, jina lake ni ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na ni sawa kuanzia pale penye moto mkubwa. Lakini mwanaume akilisoma hilo jina kwenye bango la ofisi ya kata anajua bango halimwiti yeye, anapita. Kenya mwaka 2012 ilipovuma habari ya wanaume wa Nyeri kupigwa na wake zao, mpaka lile kundi la kutetea wanaume, Maendeleo ya Wanaume, likaja juu, huku kwetu na kule kwao kilichobaki ni utani, mpaka leo ukimtaja mwanamke wa Nyeri watu wanacheka kabla hujamaliza sentensi. Baadae, mwaka 2015, Kenya walipitisha sheria ya kujikinga na ukatili wa majumbani inayomlinda mtu yeyote ndani ya nyumba, mume au mke. Ile imepita kimya, utani ndio unakumbukwa.

Na sio Afrika tu. London mwaka 2014 shirika moja linalosaidia wanaume lilipiga video ya maigizo barabarani kwa kamera za kujificha. Mwanaume alipomshika mwanamke kwa nguvu watu waliingilia, wakamtishia polisi. Mwanamke alipomfanyia mwanaume yale yale, waliokaa kwenye mabenchi wakawa wanatabasamu. Video ilikatwakatwa na kuunganishwa, sio utafiti ule, lakini nilipoziona zile nyuso niliwatambua, nilimuona yule nesi wa Mbagala, nikatuona sisi pale Korogwe.

Barua ya nne

Shangazi nilisoma barua ya huyo baba nikaifunga gazeti nikaificha. Mimi ndo mke wa hivyo. Sio wake, wa mwingine, ila ni mimi. Mume wangu mpole, nikipandisha hasira mkono unatangulia, nimeshamrushia sahani, nimeshamng'ata. Nikimaliza nalia namuomba msamaha ananibembeleza yeye. Mashoga zangu nikiwahadithia wanacheka wanasema hongera shoga umemuweza. Jana mwanangu wa miaka mitano kampiga baba ake kofi akacheka. Hapo ndo nimeandika.
Mama, Mwanza

Shangazi: Mwanangu, umefanya jambo gumu na sitakupiga mawe. Ila sitakulainishia pia. Unachofanya ni ukatili, na kulia baadae hakukipunguzi, wale wanaume wanaopiga wake zao nao wanalia baadae, wananunua na khanga.

Usimsubiri mtu akuone. Leo usiku watoto wakilala, mwambie mumeo hivi: kinachotokea ni kosa langu, sio lako, na ukitaka kwenda kulala kwa ndugu zako nenda, sitakuzuia. Hiyo ya kumruhusu aondoke ndo ngumu kuliko zote na ndio utajua kama umemaanisha. Af nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri useme kama ulivyoniandikia mimi, "mkono unatangulia". Watakuelekeza kwa mshauri. Wengi niliowapokea walikulia kwenye nyumba ya ngumi, sijui kama na wewe, utamwambia huyo mshauri. Ukiona hasira inapanda toka nje ya nyumba wewe, sio yeye, zunguka mtaa hata mara tano.

Na hao mashoga. Wanaokuambia umemuweza, siku mwanao atakapokuja kuoa akamrushia mke wake sahani hawatakuwepo. Mwanao keshajifunza kwamba baba anapigika na kwamba inachekesha. Muite, mbele ya baba yake, umwambie mama alikosea, na ashike mkono wa baba yake aseme pole. Ana miaka mitano, bado anafundishika.

Barua ya tano

Shangazi salaam. Mimi ni mjumbe wa shina, huku Tanga. Miaka mitatu iliyopita alikuja kijana kwangu na kesi ya hivi nikamcheka, sikukusudia, kilinitoka tu. Hakurudi tena. Akija mwingine nifanyeje?
Mjumbe, Tanga

Shangazi: Asante sana kaka yangu kwa kuuliza. Akija, mkaribishe ndani, sio barazani. Wafukuze watoto na wapita njia. Usiulize "wewe na ukubwa huo". Sema "pole, kaa, nieleze toka mwanzo," af unyamaze, hata dakika kumi akikaa kimya nawe kaa kimya. Usimuite mke wake hapo hapo mkae meza moja, anayepigwa hawezi kusema mbele ya anayempiga, na akirudi nyumbani atalipia. Muandikie barua ya utambulisho aende nayo dawatini, na kama una nafasi mpeleke mwenyewe, mjumbe akiingia nae pale kaunta wanakaa sawa. Kama kuna watoto ndani, namba 116 ni ya watoto na ni bure.

Na yule wa miaka mitatu iliyopita, kama bado yuko mtaani kwako, mtafute. Sio kwa ajili ya kesi. Mwambie ulikosea.

Wakati naufunga ukurasa huu fundi wa Mbagala alinipigia, Jumanne saa nne asubuhi. Alikwenda na dada yake mkubwa, waliingia dawatini moja kwa moja, aliyewapokea alikuwa afisa wa kike, aliandika kurasa mbili na hakucheka. PF3 anayo. Daktari alimwambia apandishe shati lake, na fundi akaniambia, "shangazi, ilikuwa mara ya kwanza toka mwaka juzi mkono ule unaonekana na mtu nikiwa sijaufunika mwenyewe haraka." Usiku wake alilala kwa dada, watoto wako na bibi yao. Jumatatu ijayo anakwenda ustawi.